Unga Apakwa Polishi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo nimekosewa heshima kwa simu. Jamaa wa chama cha mbwa, wale wanaandika mbwa za mbegu safi. Nimemwambia Malkia wangu ni jaman shepad kamili, wale wa polisi, masikio wima, na mtoto wake dume ametoka mweupe kama maziwa, nataka aandikwe. Akasema nyeupe haikubaliki. Nyeusi na kahawia sawa. Nyeusi tupu sawa. Kijivu sawa. Nyeupe hapana. Nikamuuliza kama wanaandika mbwa ama wanaandika blanketi. Akakata simu.

Shida si yeye. Shida ni mke wangu Nzilani. Amesema mbwa wawili kwa nyumba ndogo ya Kariobangi ni upuzi. Na huyu mweupe, anamuita Unga, akikataliwa na wenye mbwa kwa maonyesho yao ya Jumamosi, anaenda Mwingi kwa kaka yake Mbaluka kuchunga mbuzi. Mtoto wa Malkia! Kuchunga mbuzi! Mimi nimemlea huyo kifuani, nikimpa uji na kijiko. (Nzilani hajui ni kijiko gani.)

Nimemwambia Nzilani kwamba Unga atakubaliwa. Akasema haya. Hiyo haya yake siipendi.

Jumanne, 11 Februari

Ondiek amekuja kunicheka. Ni jirani, mstaafu wa reli, mwenye dume anaitwa Jenerali. Huyo Jenerali ndiye baba ya watoto wa Malkia. Amesimama mlangoni na chai yangu mkononi, akasema ati huyo mweupe si wa Jenerali, ati nimtafutie baba yake kule mtaa wa Lucky Summer, kuna mbwa mweupe analala nje ya bucha. Ati Malkia alitembea.

Malkia atembee! Mbwa hajawahi kutoka geti bila mimi nyuma yake kama askari wa rais!

Nikamwambia Jenerali wake amezeeka mpaka anabweka akiwa ameketi. Akajibu mzee hapa ni mmoja tu, na ameshika mswaki wake kichwa chini. Nikamwambia mimi nikiwa kijana nilichonga simba pale Gikomba, akatoka mzuri mpaka paka za Majengo zikahama. Akasema mwaka jana huyo simba alikuwa chui. Ondiek hana heshima kwa historia.

Ameenda na kikombe yangu.

Jumatano, 12 Februari

NIMEPATA!

Nilikuwa nimeketi na Unga kwa ngazi nikiangalia mikono yangu. Hii mikono, bwana. Mpingo ulipoanza kuwa adimu, sisi wachongaji tulifanya nini? Tulichukua mjakaranda, mti mweupe, mwepesi, hauna haya. Tukachonga ndovu. Tukamsugua polishi nyeusi ya viatu, tukamwacha akauke, tukampiga brashi mpaka unajiona ndani yake. Mtalii anambeba kama mtoto mchanga, anasema hii ni mpingo. Sisi tunanyamaza. Mpaka leo kule ng'ambo kuna watu wanapangusa mjakaranda yangu kila Jumapili.

Sasa, mti haukushinda mimi. Mbwa atanishinda?

Polishi nyeusi mgongoni. Ya kahawia miguuni na kifuani. Pale rangi mbili zinakutana, hapo ndipo ufundi. Wengine wangechora mstari kama wa barabara. Mimi nafifisha na kidole.

Alhamisi, 13 Februari

Nzilani akienda mkutano wa akina mama wa kanisa, nikaanza. Unga alisimama vizuri. Alilamba kidogo, akapiga chafya, akanisamehe. Nikimaliza nikarudi nyuma kumwangalia. Machozi yalinilenga. Jaman shepad! Kama ametoka kwa picha! Hata Malkia alimnusa mara mbili kabla ya kukubali ni wake.

Kosa moja tu. Nikaenda kunawa, Unga akapanda kochi. Vile vitambaa vyeupe Nzilani alifuma mwenyewe. Viwili vya katikati sasa ni vya mbegu tofauti.

Nimevigeuza ndani nje. Nzilani akirudi ameangalia kochi, akaangalia mbwa, akaangalia mimi. Akauliza mbwa amepatwa na nini. Nikasema manyoya yamekomaa, jaman shepad ndio hubadilika hivyo. Akasema haya.

Ijumaa, 14 Februari

Ondiek amechungulia juu ya ukuta, akamwona Unga. Kisha akaanza kupiga kelele kwamba si aliniambia, huyo ni Jenerali mtupu, angalia kifua, angalia mgongo! Nikamkumbusha ya bucha. Akasema alikuwa anatania, kwani mimi sijui utani? Sasa anataka kwenda na sisi kesho, yeye na Jenerali, ili watu waone mtoto katoka wapi. Ati aliye na baba asifichwe baba.

Nimekubali, kwa sababu ana mpwa mwenye pikapu. Lakini nimefurahi! Kama nimedanganya Ondiek, ambaye miaka yote alikagua tiketi za watu, jaji ni nani?

Jumamosi, 15 Februari

Februari ni mwezi mbaya. Naandika hivyo kwanza.

Tuliketi nyuma ya pikapu, mimi, Ondiek na mbwa wawili, bila turubai. Jua lilitupiga kutoka Kariobangi mpaka kwa uwanja ng'ambo ile ya mji. Mjakaranda hukauka kivulini. Hilo nilisahau. Mbwa ana moto wake ndani na jua juu, polishi ikalainika katikati. Tukifika Unga alikuwa anang'aa kuliko magari ya watu. Ondiek akasema huo ndio mng'ao wa ukoo wao.

Jaji alikuwa mama mmoja mpole, Madam Norah, koti jeupe mpaka magotini. Akampima Unga masikio, miguu, mkia. Akatikisa kichwa kwamba ni vizuri. Ondiek akanifinya kwa furaha. Kisha jaji akapitisha mkono mgongoni mwa Unga.

Akaangalia mkono. Akaunusa. Akaniuliza mzee unampaka nini huyu mbwa. Nikasema mafuta ya nazi. Akauliza kama huko kwetu nazi ni nyeusi.

Kabla nijibu, Unga akajikung'uta.

Sijawahi kuona kitu kama hicho, na mimi nimeona mengi. Koti la Madam Norah likawa la chui. Shati ya Ondiek, ile ya harusi na matanga, ikapata madoa ya kahawia mpaka kola. Na katikati yetu akabaki Unga, nusu mweusi, nusu mweupe, mkia unapiga, anafurahia kila mtu.

Ondiek akalipuka. Ati alijua! Ati bucha! Ati Malkia! Akamwambia jaji kwamba Jenerali wake hana uhusiano na hii takataka.

Madam Norah akajipangusa polepole, akamwangalia Jenerali, akamwangalia Unga tena. Akasema huyu ni jaman shepad kamili, na sura ya baba yake iko hapo wazi. Weupe hujificha kwa damu, na hautokei mpaka utoke kwa mama na kwa baba, wote wawili. Rangi tu ndiyo haishindani hapa. Ningemleta vile Mungu alimuumba, angemwandikia karatasi ya mbegu safi, ya mbwa wa nyumbani si wa mashindano, basi, na bado atamwandikia. Aliyefungiwa ni mimi. Nisikanyage hapo tena na kitu chochote chenye manyoya.

Lakini mlisikia? Wote wawili! Jenerali ni mweupe kwa ndani! Nilicheka mpaka askari wakanitoa kwa mikono. Ondiek alirudi akiwa ameketi mbele na dereva.

Jumapili, 16 Februari

Ondiek alimwambia Nzilani kila kitu kabla nivue viatu. Tangu lini hao wawili wanapatana?

Asubuhi Nzilani hakuenda ibada. Ameketi kwa ngazi na beseni, anamwosha Unga na ile sabuni yake ya uso, akimwambia pole baba, pole sana. Mimi hakuna aliyeniambia pole. Akimaliza akasema yeye ni mtu wa neno lake. Wenye mbwa wamesema Unga ni wa kweli, basi Unga anabaki. Lakini Mbaluka ameshaahidiwa mtu wa mbuzi, na hawezi kumwaibisha kaka yake.

Nikacheka. Akanipa begi. Ilikuwa imepangwa tayari, mpaka sweta.

Alhamisi, 20 Februari, Mwingi

Joto. Vumbi. Shemeji Mbaluka ananiamsha kabla ya jogoo, ananiita mtaalamu.

Mbuzi zake ni gala, zile kubwa nyeupe. Nzuri sana. Mwezi ujao kuna maonyesho ya mifugo hapa, na ana beberu mmoja, kifua kama mlango wa kanisa, angeshinda wote. Lakini ana doa la kahawia shingoni, kama kiganja. Mbaluka anasema wataalamu wanataka mweupe mtupu, kwa hivyo beberu anabaki nyumbani. Amesema hivyo kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa.

Maskini, hajui anaishi na nani.

Pale dukani kuna ile rangi nyeupe ya kupaka raba za shule. Nimeuliza, inakauka haraka, hata kwa jua. Na mbuzi hajikung'uti kama mbwa. Hiyo nimeichunguza tangu asubuhi.