Mfua Nguo Anayepokea Taarifa Bila Fomu

Mheshimiwa Daktari Perla Hinolan,
Mkuu wa Chuo.

YAH: MFUA NGUO ANAYEPOKEA TAARIFA ZA MATESO YA WANAFUNZI WAPYA BILA FOMU, BILA MUHURI NA BILA AIBU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote. Mimi sijambo kiasi, isipokuwa kikohozi nilichokipata Jumamosi moja kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kama unavyojua, kwa miaka kumi na moja nimekuwa Ofisa wa Malalamiko ya Wanafunzi. Katika miaka yote hiyo, taarifa za wanafunzi wapya kupigwa na wakubwa wao zilizofika dirishani kwangu ni sifuri. Sifuri hiyo ndiyo iliyotupatia ngao ya Chuo Tulivu, ambayo ulikwenda kuipokea wewe mwenyewe ukiwa umevaa gauni la kijani. Sasa nasikitika kukuarifu kwamba Soledad Panizales, yule mama anayefua nguo nyuma ya bweni la wavulana, na ambaye wanafunzi humwita Manang Choleng kana kwamba ni dada yao mkubwa, amepokea taarifa tisa katika muhula mmoja. Naomba nilalamike kwa mpangilio.

1. Hana fomu. Sisi tunayo, kurasa nne. Inataka jina kamili la anayelalamika, nambari yake ya usajili, chumba anacholala, picha mbili, mashahidi watatu, na sahihi ya anayelalamikiwa kuthibitisha kwamba ameonyeshwa. Hujazwa palepale dirishani, kando ya benchi wanalopenda kukaa vijana wa Udugu wa Bakunawa, kile chama cha siri cha wanafunzi wakubwa, kwa sababu ya feni. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuikosea, maana hakuna aliyewahi kuianza.

Kwa uwazi niseme kwamba mimi pia ni wa Bakunawa, tena ni mlezi wao. Hilo halijawahi kuathiri kazi yangu, kwa kuwa kazi haijawahi kuja.

2. Anatumia uji. Arvin Latoza, mwaka wa kwanza wa uhandisi wa meli, alimpelekea suruali iliyoganda damu nyuma ya mapaja. Kijana akasema, kama alivyofundishwa, kwamba ameanguka ngazini. Yule mama akamjibu (nanukuu maelezo ya kijana mbele ya kamati): "Toto, nguo za walioanguka ngazini nazifua kila wiki. Ngazi haichagui mahali pamoja." Akamkalisha juu ya beseni lililopinduliwa, akampa uji wa mchele wenye kuku na tangawizi, kisha akaendelea kusugua makola yake bila kumtazama. "Kula. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, uji ni uleule."

Arvin akasema yote: nani alishika ubao wa kupigia, alipigwa mara ngapi, na kwamba Jumamosi inayofuata yeye na wenzake watano watamaliziwa kipigo cha kuingizwa Bakunawa. Mheshimiwa, mimi nina kiyoyozi na kiti cha wageni chenye mto. Hakuna aliyewahi kunieleza chochote, hata jina la baba yake.

3. Haulizi majina. Kila mteja wake ana kibandiko cha nambari kwenye nguo, na Arvin ni Arobaini na Moja. Basi alichoandika juu ya karatasi ya pakiti ya sabuni ni hiki tu: "Arobaini na Moja amepigwa vibaya. Jumamosi tena. Wako sita." Chini yake akataja mahali. Karatasi hiyo hakuileta kwangu. Alimpelekea mpwa wake, Inday Merle, ambaye ni polisi, akamwomba aje na daktari.

Baadaye nilimwita ofisini, nikamuuliza kwa upole kwa nini alinipita. Alisimama mlangoni, mikono ina povu. "Sikukupita, Bwana, mwaka ule wa yule mtoto wa kisiwa cha Guimaras," akasema. "Nilikuja hapa hapa, nikakwambia wewe peke yako. Kufika nyumbani nikakuta shuka zangu zote kambani zimemwagiwa rangi nyekundu."

Sikuipenda sauti yake. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba yule mtoto aliacha masomo kwa hiari yake. Ni kweli alizikwa, lakini fomu ya kuacha masomo haina kisanduku cha kuzikwa. Niliijaza mimi, kwa hiyo najua.

4. Aliharibu sherehe. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, katika nyumba ya mapumziko kando ya mabwawa ya samaki. Nilialikwa kama mlezi kutoa hotuba ya kurasa tatu juu ya upendo kati ya ndugu. Vijana sita walikuwa wamepiga magoti, macho yamefungwa vitambaa. Arvin magoti yalimshinda, akawa ameegemea upande. Dindo Arroyal, kiongozi wetu, akamwambia, "Wewe bado unajikunja tu? Wenzako walikula huu ubao wakaenda kucheza mpira." Akauinua, ule ubao wenye majina ya vizazi vyote vya Bakunawa, jina langu likiwa la nne kutoka mpinini.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Akaingia Inday Merle na wenzake watatu, daktari, na nyuma yao Manang Choleng akiwa na kapu la mashati yaliyopigwa pasi. "Namtafuta Arobaini na Moja," akasema, kama mtu aliyekuja kudai beseni lake. "Shati lako limekauka, mwanangu. Vaa twende." Kijana akaanza kulia, macho yangali yamefungwa. Kisha watano wengine nao wakalia, watu wazima wenye ndevu.

Ubao umechukuliwa kama ushahidi. Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Mimi mwenyewe nililazimika kuondoka kupitia bwawani, maji yakinifika kifuani na samaki wakinigonga pasipostahili.

Daktari anasema figo za Arvin zilikuwa zimeanza kushindwa, na kwamba ubao usingehitaji kushuka mara nyingi tena. Alilazwa siku tisa. Sasa amerudi darasani, na jana nilimwona kwenye lile benchi chini ya feni, anacheka na mwenzake mpaka anashika mbavu. Wenye benchi lao, wote wanne, wako rumande. Sikupata mtu wa kumwondoa.

5. Amewazoesha watu kutoogopa. Foleni ya kufuliwa sasa inafika uwanja wa mpira wa kikapu. Wengine wanaleta nguo safi.

Kwa hiyo naomba alazimishwe kutumia fomu. Kila anayemweleza jambo aandike jina lake kwa herufi kubwa. Na beseni lake lihamishiwe chini ya dirisha langu, ili taarifa zirudi kutokuja kwa utaratibu. Mtu asiyethubutu kuweka jina lake chini ya neno lake hana haki ya kusikilizwa, na huo ndio msimamo wangu wa miaka kumi na moja.

Nisalimie mume wako, mabinti wa maktaba, mlinzi wa lango la mashariki aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, na wote wanaoniulizia, kama wapo.

Nabaki mtumishi wako mwenye uchungu na mafua,

Eustaquio B. Sumagaysay

Nyongeza: Nimeisoma tena barua hii, nikaona nimemtaja Dindo, ubao, ile fomu niliyoijaza, na mahali nilipokuwa Jumamosi ile saa nane. Ndugu zangu wa Bakunawa wakijua, sijui nitalala wapi. Nakuomba sana ulikate jina langu kwa mkasi. Ofisini kwako sikuileta, kwa kuwa karani anayefungua barua zako ni mwenzetu, na kazi nilimtafutia mimi. Namkabidhi Manang Choleng, ataiweka kati ya mashati ya mume wako ya Jumatatu. Nilimuuliza niweke sahihi wapi, akasogeza beseni kwa mguu nikae. Nimekaa mpaka nguo za watu zimekauka, na nimesema mengi ambayo humu hayamo. Ukitaka kunijibu, anasema utie karatasi kwenye mfuko wa shati lolote. Hajawahi kupoteza hata kifungo.