Makena na Polisi wa Dunia

Alhamisi, 9 Oktoba 2025
Njeru jirani amenidhihaki tena kwenye foleni ya maziwa hapa Karurumo. Alimuuliza karani kama mtungi wangu ni wa maziwa au wa dawa ya kikohozi. Watu wakacheka. Hajui nina mpango. Kwenye simu nimempata Bwana Pieter, mfugaji wa Uholanzi. Ukimpa ng'ombe wa kienyeji, yeye anakupa wa kizungu wa lita arobaini. Anasema damu ya ng'ombe wa Embu inatafutwa sana kwao.

Jumamosi, 11 Oktoba
Pieter ameona picha ya Makena. Amezisifu pembe zake. Makena ni ng'ombe wa mke wangu, Wambeti, aliyemnunua kwa kuchuma chai ya watu misimu mitatu. Maziwa yake ndiyo yanayomsomesha Tabby wetu. Kwa hiyo sijamwambia Wambeti neno. Wacha iwe zawadi.

Jumanne, 14 Oktoba
Wambeti alikuwa shambani pikapu ilipofika. Dereva, mtu mpole sana, alisema ametumwa na Pieter, akanipa hongera. Makena alikuwa amekwisha kupandisha garini miguu miwili ya mbele, mara gari la polisi likaingia. Dereva alitoka mbio kupitia kwenye kahawa, ndara moja ikabaki uani. Pikapu ikachukuliwa.

Afisa Kawira, mama wa Meru asiye na utani, alinieleza polepole kama ninayefundishwa kuhesabu. Polisi wa nchi saba wamekuwa wakiwasaka matapeli hawa wa mtandaoni. Pieter si Mholanzi, wala hajawahi kukamua. Amekamatwa juzi huko mbali, na kwenye simu yake wakakuta picha ya Makena na njia ya kuja kwangu. Niliketi kwenye nyasi nikalia. Wambeti alikuja, hakunigombeza. Alimkumbatia ng'ombe shingoni. Heri angenigombeza. Mungu awabariki polisi wa dunia nzima, hata wale nisioweza kutamka nchi zao.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mkono mtupu haulambwi. Nimempelekea Afisa Kawira jogoo na chupa ya asali, kituoni Runyenjes. Akakataa vyote. Alisema sheria haimruhusu, na shukrani atakayo ni moja tu: nikae mbali na wageni wa kwenye simu. Nikaapa. Lakini kurudi na jogoo ni aibu. Njeru alituona njiani, akauliza kama jogoo naye ameokolewa na nchi saba.

Asante isiyopokelewa inaniwasha kifuani. Nimeiandika Facebook ili ulimwengu wote uione. Nimeweka picha ya Makena na namba yangu.

Jumapili, 19 Oktoba
Sikutegemea heshima hii. Kamanda Lucien wa polisi wa kimataifa ameniandikia yeye mwenyewe. Kiswahili chake utadhani amesomea Runyenjes. Kweli hawa watu wameelimika. Jogoo amemkubali kwa mikono miwili, na asali pia. Ana ombi moja dogo: mahakama ya Ulaya inamhitaji Makena kama kielelezo katika kesi ya Pieter. Wiki moja tu, kisha atarudi na cheti chenye muhuri. Nani atawanyima ng'ombe watu waliomwokoa?

Jumatatu, 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa
Wambeti ameenda na kwaya kuimba kwenye sherehe Embu. Sijamwambia. Atakapokiona cheti atanisamehe ya Jumanne. Wengine washangilie mashujaa wao, wangu wako njiani na lori.

Kamanda ameongeza kwamba dereva wake alipoteza ndara ya kushoto akiwa kazini pande hizi, niiweke karibu. Nimeduwaa. Sikuiandika Facebook, sikumwambia mtu. Polisi hawa hakuna wasichokijua. Nimeiosha kwa sabuni, nimeianika juani kando ya jogoo.