Mbuzi wa Ntheo kwa Kila Mtu

Leo nimeaibika mbele ya watu na mbele ya mbuzi, na sijui ni nani walionitazama vibaya zaidi.

Kosa nililifanya mapema, kabla hata ya chai. Nilikuwa namalizia ajenti ya AI ya Bwana Hassan, anayeuza mbuzi pale Kyumbi. Ajenti ni programu: unaiambia unachotaka, inasoma maelezo ya zana ulizoipa, kisha yenyewe inachagua ya kutumia. Niliipa zana mbili. Moja hutuma ujumbe kwa mteja mmoja. Nyingine hutuma kwa wateja wote. Maelezo ya zote mbili niliandika hivi: "Hutuma ujumbe kwa wateja." Basi. Nikarudi kuhangaikia rangi ya kitufe cha kutuma. (Kitufe kilitoka kizuri sana. Hakuna aliyekitaja.)

Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, na nilijua Bwana Hassan akiridhika atawaambia wafanyabiashara wenzake wote hadi Kithimani. Asiporidhika, pia atawaambia.

Nilimkuta kwenye ofisi yake ya mabati kando ya zizi.

"Kioko, usinionyeshe michoro," akasema. "Nataka kuona ikifanya kazi. Kyalo anangojea mbuzi wa ntheo. Mwambie wako tayari."

Ntheo, kwa wasio wa huku, ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila hao, kwetu Wakamba hujaoa. Unaishi tu na mtoto wa watu.

Nikaandika agizo. Ajenti ikafikiri kidogo, ikajibu kwa adabu: "Ujumbe umetumwa." Nikatabasamu kama mtu aliyejenga bwawa la Masinga peke yake.

Simu ya Bwana Hassan ikalia. Kumbe alikuwa amejiweka kwenye orodha ya wateja wake mwenyewe. Akasoma kwa sauti: "Hongera kwa hatua hii ya ndoa. Mbuzi wako watatu wa ntheo wako tayari. Njoo uwachukue leo."

Akanitazama. "Mimi pia naoa?"

Simu yake ikalia tena. Alikuwa mzee mmoja wa kanisa, akiuliza kama hao mbuzi wameshalipiwa, maana kama ni hivyo yeye hawezi kukataa baraka.

Kisha akaingia Mama Mwende, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, ameshika simu ya mumewe. Mume mwenyewe, Mzee Mutiso, alikuwa anamfuata kwa umbali wa usalama.

"Hassan, nionyeshe hao mbuzi."

"Mbuzi gani, mama?"

"Wa bwana yangu. Nataka kujua wanapelekwa boma gani."

"Mimi nilinunua beberu tu," Mzee Mutiso akasema. "Na tulimla pamoja."

"Nyamaza, bwana harusi."

Nikasimama. (Ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma yake.) "Mama, ni makosa yangu. Ni ajenti ilituma."

"Ajenti wa nini? Wa kutafutia wanaume wa watu mabibi?"

Nikamweleza kuhusu zana mbili na maelezo yanayofanana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ulidhani itajua tu, bila kuambiwa."

"Ndio, mama."

"Wanaume," akasema, akimgeukia mumewe kana kwamba ndiye aliyeandika hiyo programu. "Sasa iambie iwatangazie watu wote kwamba Mutiso haoi."

Nikarekebisha maelezo palepale. Kwenye zote mbili niliandika: "Usitumie zana hii kwa zaidi ya mtu mmoja, kwa hali yoyote ile." Kisha nikaiagiza iwaombe msamaha wateja wote. Ikakataa. Ikanieleza, kwa adabu ileile, kwamba hilo haliruhusiwi kwa hali yoyote ile. Watatu hao walikuwa wameinama nyuma yangu, wanasoma. Bwana Hassan ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Mutiso alicheka baada ya kuhakikisha mkewe amecheka kwanza.

Ikabidi nipige simu, mteja mmoja baada ya mwingine, Mama Mwende akisimamia. Nilirudia maneno yaleyale mpaka yakapoteza maana: samahani, ni makosa, hakuna mbuzi. Jina moja kwenye orodha lilikuwa la mama yangu.

"Mama, ule ujumbe wa mbuzi si wa kweli."

"Kioko, nimeshamwambia shangazi yako umepata mtu."

"Sijapata, Mama."

"Hata yule wa duka la dawa?"

"Hata yule." (Simu ilikuwa kwenye spika. Sitaki kuzungumzia hilo.)

Tulipodhani yameisha, pikipiki ikasimama nje. Kyalo, bwana harusi wa kweli, akaingia na wajomba wake wawili, uso umemkauka.

"Nimepigiwa nikaambiwa hakuna mbuzi. Tunaenda kwa wakwe na nini?"

Nilikuwa nimempigia hata yeye.

Bwana Hassan alimtolea mbuzi wake watatu, akawasindikiza, akarudi akajifuta machozi ya kucheka. "Kesho uje tena," akaniambia. "Lakini hayo maelezo utayaandika mbele yangu, na Mama Mwende atayasoma."

Rasimu ya kuwaonyesha kesho nimeshaiandika. Zana ya kwanza ni ya mteja mmoja, na lazima jina lake litajwe. Ya pili ni ya wateja wote, kwa matangazo peke yake, na lazima imuulize Bwana Hassan kabla ya kutuma. Kitufe kimebaki na rangi yake.