Pale Hauki Anapotaga

Gazeti lilikuwa mezani, limelowa kahawa. Kamati ya ziwa itafyeka matete yote wiki ijayo, barafu ya ziwa ikiwa bado inabeba mashine, ili wenye nyumba za mapumziko waone maji. Yataachwa yale tu ambamo hauki, yule samaki mwenye meno makali, hutaga mayai. Wavuvi waonyeshe kwenye ramani, mwisho leo saa sita.

"Wakifyeka, kwisha habari," alisema Veikko, tunayemwita Kijiko kwa umbo la chambo chake cha bati. "Hauki hatagi maji matupu. Mayai yanataka kitu cha kushika."

"Na vifaranga vinataka pa kumkimbia mama yao," alisema Tauno, ambaye ni Profesa. "Akiwaona, anawala."

"Ndiyo maana wanao walihamia mjini Oulu," alisema Kijiko.

Profesa alikoroga kahawa. Haikuwa na sukari.

Raili, mwenye mgahawa, alitandaza ramani. "Haya wazee. Wanataga wapi?"

Tukanywa kahawa.

"Dada Raili," alisema Kijiko, "hata mke wangu hapajui."

"Atapajuaje, na hujawahi kumletea samaki?"

Akatugawia vikaratasi. Tukaandika, kila mmoja ameziba kwa mkono kama mtihani. Raili akavifungua. Vyote vitatu: gati la kanisa.

"Gati la kanisa ni zege," alisema. "Hakuna tete hata moja."



"Profesa, wewe mwongo," alisema Kijiko.

"Nimeandika ulichoandika."

"Zimebaki dakika nne," alisema Raili. "Mwakani mtavua zege."

Nilimfikiria hauki jike anarudi Mei, tumbo limejaa, anakuta maji matupu. Nikaweka kidole kwenye ramani.

"Ghuba ya Myllylahti. Kijito kinapoingia, nyuma ya jiwe kubwa."

Raili akachora duara, akapiga simu. Matete ya pale yakaachwa.

Profesa aliisogelea ramani.

"Pale penye kigoda?" aliuliza Profesa.

"Kigoda changu," nilisema. "Umekijuaje?"

"Mguu ulivunjika. Nikaweka mwingine."

Kijiko alivaa kofia taratibu. "Ile rangi ya kijani niliipaka mimi. Nilidhani kimetupwa."

Nikamaliza kahawa yangu. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimshukuru mke wangu kwa kukitengeneza kile kigoda, naye hupokea shukrani.