Meneja wa Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Agosti

Mgeni ameingia Garsen! Nimejua kabla hajashuka garini. Anaitwa Hodan, ni daktari kutoka chuo kikuu. Nikamwonyesha goti langu. Akasema yeye si daktari wa magoti, anasoma jinsi wasanii wanavyoendesha kazi zao na kupanda vyeo. Haya. Goti lisubiri.

Anatafuta wanaosimamia vikundi vya nyimbo. Mmoja atapelekwa Mombasa akazungumze mbele ya maprofesa. Hoteli! Kitanda peke yangu, bila Gershom kunikoromea sikioni!

Sasa, kikundi chetu cha kuimba harusini kiongozi wake ni Truphena. Yeye hutunga, yeye huanzisha, sisi twaitikia. Mie niko nyuma kabisa na kayamba, na hata hilo kayamba ameniambia nilitikise polepole. Lakini Truphena alikuwa shambani Kulesa. Hodan akauliza meneja ni nani. Mdomo ukanitangulia. Nikasema meneja ni mie.

Jumanne, 5 Agosti

Hodan amekuja nyumbani, akaweka simu mezani inarekodi. Kaniuliza kazi nilianzaje. Nikasema nilianza asubuhi. Kaniuliza cheo nilipandaje. Nikasema nilipanda haraka. Gershom alicheka huko ndani mpaka akapaliwa na chai.

Nikaona nimpe habari za maana. Mwalimu aliyekimbizwa na bata. Mzee wa kanisa aliyeingia nyumba ya jirani akakaa, akala, ndipo akagundua si kwake. Mpaka adhuhuri nazungumza tu! Yeye anaandika.

Mwisho akaleta balaa. Ijumaa anataka kunifuata kazini. Ati niendelee kama kawaida, kana kwamba yeye hayupo. Kazini wapi, jamani? Harusi yetu ni Jumapili, na huko meneja ni Truphena!

Na Truphena ananitafutia makosa. Tangu ile harusi ya Chewele, nilipomweleza mama wa bwana harusi juu ya yule mchumba wa kwanza wa bibi harusi. Alisema nikiharibu tena nirudishe leso ya kikundi, ile ya manjano. Nikivuliwa leso ile, mie ni nani hapa Garsen? Nitabaki kukaa ndani nikimsikiliza Gershom akibishana na redio.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Harusi hakuna? Nitaitengeneza.

Nimemshika Danson wa bodaboda. Akakataa. Nikamkumbusha yule kuku wa mchungaji. Akakubali. Avae suti, asimame uwanjani, tuimbe nyimbo tatu, Hodan aone, twende zetu. Bibi harusi tutasema yuko njiani. Kwani bibi harusi gani huwahi?

Truphena nimemwambia tumeitwa na watu wenye haya zao, asiwaulize maswali. Akaniangalia sana. Na pale sokoni nimemwambia muuza ndizi, ili jambo lionekane la kweli. Mmoja tu!

Alhamisi, 7 Agosti

Watu wananipa mie habari za harusi ya Danson! Habari niliyoizaa mwenyewe imerudi imenona. Bibi harusi ni mtoto wa mkubwa fulani. Amesoma. Ana gauni la mkia mrefu, litabebwa na watoto sita. Hata mie nimeanza kumwonea wivu.

Jioni akaja kwangu Bonaya, mfugaji wa Kiorma, na mbuzi wa harusi, ati mie ndiye mwandalizi. Danson alimpeleka mamake hospitali wakati wa mafuriko, sasa anashukuru. Nikajaribu kumkataa huyo mbuzi. Bonaya akasema zawadi ya harusi haikataliwi, akamfunga mlangoni. Mbuzi kala ufagio wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kuandika. Ngoja niandike.

Uwanja ulijaa! Mbuzi naye kanifuata na kamba yake. Masufuria ya pilau, sijui nani kaleta. Hodan na kalamu yake. Nikakaa kwenye kiti nikanyoosha kidole huku, nikanyoosha kule. Meneja hufanya hivyo. Truphena akaanzisha wimbo wa kumwita bibi harusi ajitokeze. Tukaitikia. Hakujitokeza mtu. Tukarudia. Wakati wa kurudia mara ya tano ikaja pikipiki kutoka Ozi.

Teresia. Mchumba wa Danson, wa kweli kabisa. Nilijua yupo. Niliona tu Ozi ni mbali.

Kaja na shangazi zake wawili, wanene. Akauliza yuko wapi huyo mwanamke. Na Danson, kwa woga, akanyoosha kidole kwangu! Kwangu, mama wa watoto watano! Shangazi mmoja akashangaa, ati huyu bibi kizee? Neno hilo limeniuma kuliko kiatu alichonirushia.

Nikakimbia. Goti likasahau ugonjwa. Shangazi nyuma yangu, mbuzi nyuma ya shangazi, Hodan nyuma ya mbuzi, anaandika. Kana kwamba hayupo.

Jioni Truphena kapiga hodi. Kasema neno moja tu. Leso. Nikampa. Gershom hata redio hakuwasha.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikutoka nje. Sijui nani kafanya nini leo. Naumwa.

Alasiri wakaja wawili, Truphena na Hodan. Truphena kavimba uso kwa hasira. Kumbe asubuhi walikuwa wanajiandaa na harusi ya kesho, nyimbo za kuwatania wenyeji hazina maneno. Hodan akamuuliza hayo maneno huwa anayatoa wapi. Ndipo akasema humpitia Mama Griffin. Ndiye mie! Mie humwaga, yeye huokota na kupanga.

Hodan akafurahi kama aliyevua kambare kwa mkono. Akasema hiyo ndiyo kazi yangu, nusu ya kila wimbo imeanzia mdomoni kwangu, na umeneja niuache. Truphena akanitupia leso. Nirudi, ila neno meneja asilisikie tena. Na wimbo wa kesho ameshapata.

Jumapili, 10 Agosti

Harusi Kulesa. Wimbo wenyewe ni wa meneja aliyeandaa harusi bila bibi harusi, akakimbia na mbuzi. Watu wamecheka mpaka wakashikana! Kiitikio kinaniita kwa jina: Mama Griffin, bibi harusi yuko wapi? Nikatikisa kayamba kwa nguvu zote. Hakuna aliyenikataza.

Danson na Teresia wamekuja pamoja. Shangazi wamesema pilau ile ilikuwa tamu, basi mazungumzo ya wakubwa juu ya mahari yaanze.

Mombasa anaenda Truphena. Lakini Hodan anasema kwenye utafiti majina yatafichwa, ataandikwa Mshiriki wa Kwanza. Maskini wa Mungu! Mie jina langu linaimbwa mpaka ng'ambo ya mto.

Jumatatu, 11 Agosti

Hodan kaondoka asubuhi, nikampungia leso yangu. Mchana gari jingine, mtafiti mwingine! Huyu wa mifugo. Atachagua mmoja aende Nairobi. Akauliza hapa mfugaji mkubwa ni nani. Bonaya alikuwa malishoni.

Nikamwambia ni mie. Kesho anakuja kuona kundi langu.

Nimemwogesha mbuzi. Wengine nitasema wako njiani.