Mashallah Ambayo Sikuisikia

Jumapili, 5 Oktoba

Nimejiandikisha Marathoni ya Hisani ya Likoni. Ni kilomita kumi tu, lakini bango limeandika marathoni, nami si mtu wa kubishana na bango. Mchango ni wa wodi ya kina mama hapa Mtongwe. Wa mtaa wetu atakayefika wa kwanza atakata utepe wa kuifungua wodi hiyo. Utepe huo ni wangu! Tumejiandikisha watatu tu: mimi, jirani yangu Abdulaziz, na mama mkwe, Bi Nyamvula, ambaye atatembea, eti kwa ajili ya thawabu. Mama mkwe huwaambia watu kwamba mimi hata nikifukuzwa na mbwa nitaketi kwanza nifikirie. Nataka asimame mbele kabisa aone mkasi mkononi mwangu.

Jioni nilikimbia hadi gati la zamani. Nikakutana na Abdulaziz. Akanitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, akasema, "Ah! Miguu unayo, ndugu yangu!" Akaenda zake. Nikasimama nikisubiri mashallah. Hakuisema! Na sifa bila mashallah huleta jicho la husuda.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeteguka kifundo cha mguu. Mguu aliousifu! Mke wangu Mwanasaumu asema nilikanyaga kifuu cha nazi nilipogeuka kutazama kama Abdulaziz ananifuata. Kifuu sikikatai. Nani alikiweka pale?

Jioni Abdulaziz kaja kunijulia hali na chupa ya mafuta ya kuchua. Akauliza kwa upole kama nitaweza kukimbia. Anauliza ya nini? Mafuta nikampaka paka kwanza. Paka yu hai, ila hataki kuniona.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechechemea hadi kwa ustadhi kumuuliza dawa ya jicho, bila kutaja jina la mtu. Kasema mwenye jicho huombwa atawadhe, na aliyepatwa akaogea maji yale. Akaongeza kwamba nisimdhanie mtu vibaya, lakini hapo nilikuwa nishavaa viatu.

Nimwombe Abdulaziz atawadhe kwa ajili yangu? Atajua kwamba nimejua! La. Kimyakimya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Alfajiri nilichungulia uani kwa Abdulaziz. Beseni lile pale, kando ya mlango, bila shaka la kutawadhia! Maji yamekuwa ya kijivu. Kumbe jicho lina rangi. Nikachota jagi zima, nikaoga. Kisha nikawaza: kuoga ni dawa ya nje, na ubaya umeshaingia ndani. Nilikuwa nimebakisha kikombe. Nikanywa.

Chumvi tupu. Dawa kali hiyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumbo la kuendesha. Leo nimekimbia kuliko mazoezi yote, kutoka kitandani hadi chooni. Mwanasaumu kamsimulia Ummi, mke wa Abdulaziz. Ummi akasema hata kwake kuna maajabu: aliroweka soksi za mazoezi za mumewe, kuamka maji yamepungua nusu. Mwanasaumu akanitazama. Nikatazama dari.

Nimefikiri sana huko chooni. Nani huacha maji ya soksi mahali ambapo jirani mgonjwa anaweza kuyafikia? Ni mtego!

Jumapili, 12 Oktoba

Mwanasaumu alinisihi nisiende kwenye mbio, karibu alie. Nikaenda. Niliutaka utepe ule kuliko kupona.

Kifundo kimevimba, tumbo languruma. Kabla sijafika kwenye kigeuzio, Abdulaziz alikuwa ameshageuza, anarudi mbio. Nikaanguka mbele ya kibanda cha mkaa, palepale alipokuwa akipita. Alisimama! Akanibeba mgongoni. Nikamwambia aniache, utepe utampita. Akasema wallahi haniachi. Kisha akasema, "Mashallah, u mzito, ndugu yangu!"

Nikamuuliza papo hapo mgongoni mbona siku ile ya miguu hakuisema. Akashangaa. Akasema aliisema, ila yeye huisemea moyoni. Machozi yakanitoka. Nilimpenda mtu yule, wallahi, mpaka tulipofika kwenye kona. Hapo nikawaza: ya moyoni, nani aliisikia?

Tukiwa hapo Bi Nyamvula akatupita, naye ameshageuza, anatembea na mwavuli wake. Hakuongeza hata mwendo.

Utepe kaukata yeye. Mkasi mkubwa, vigelegele, kina mama wanacheza. Mimi niko chini ya turubai, mguu ndani ya ndoo ya barafu. Baadaye akaja kunipa soda. Akaketi, akanipangusa jasho kwa leso yake mwenyewe. Akasema nilimdanganya miaka yote hii. "Kumbe moyo unao, Baba Jalila. Na miguu unayo!"

Nilifurahi sana. Nikasubiri.

Nikasubiri tena. Akainuka, akaenda kuchukua pilau.

Bi Nyamvula hutawadhia nje, karibu na banda la kuku, kwenye beseni la samawati. Kesho alfajiri nitapita. Safari hii nitanusa kwanza.