Video Moja, Mama Mukwe mu Salon, Omer mu Lupango

Ile asubui radio ilisema bei ya cobalt imeshuka tena, na pa banc yangu hakuna mutu alisikia. Omer alikuwa amefika na habari ya kwake, anapumua sawa mutu wa kukimbizwa: mama mukwe wake, mama Odile, iko mu train. Alitoka Kisenge, amekwisha kupita Mutshatsha, mangaribi anaingia hapa Kapata.

Mi njo Mamie. Nauzisha chai na mikate pa kona, mu yale manyumba ya zamani ya kampuni. Banc, kiti kirefu cha mbao, ni yangu, lakini banaume banafikiri ni ya Leta, ya serikali, banakaa tangu asubui na kikombe kimoja. Pale kuna tata Gracien, mwenye tunamuita Ministre, ju anapenda kuahidi na sijamuona akitimiza. Kuna Hénock, tunamuita Ingénieur, anatengeneza batéléphone, zingine zinapona. Na Omer mwenyewe, creuseur, muchimbaji, anashuka mu shimo bila woga yoyote, lakini ukitaja jina ya mama mukwe wake chai inamumwangikia.

Na iko na haki. Kwetu bukwe, heshima ya mukwe, haichezewe. Mutu na mama mukwe wake habaangaliane mu macho, habakule fasi moja, na bakikutana mu njia mumoja anaingia mu majani. Sasa, siku ya ndoa ya Omer na Abigaël, train haikutoka Kisenge. Mama Odile alibaki pa gare na kikwembe chake kipya, hakuona mutoto wake akiolewa. Alilia, na mpaka leo analia. Mutu wa caméra naye akakawia na video mwaka muzima. Njo juzi tu alileta clé USB yenye video.

Mama Odile alituma neno: nakuja kuiona. Hataki kuiona peke yake, kanisa haikuwa ya mutu mumoja. Anataka kusikia batu banapiga bigelegele saa ile ile picha inapita. Akiikosa tena, anarudi Kisenge na Abigaël, mutoto apumzike kidogo kwa mama yake. Na wote tunajua mapumziko ya namna ile inamalizikia wapi.

— Basi weka mama mu salon na télévision, Ministre akasema. Weka batu yako inje mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, na projecteur. Shida iko wapi?

Shida ilikuwa ordinateur ya Ingénieur. Iko na tundu moja tu ya kutolea picha. Ukiingiza kamba ya télévision, projecteur inabaki kipofu. Ukiingiza ya projecteur, mama mukwe anaangalia ukuta.

Ministre alisema dawa ni nyepesi. Kamba inakatwa katikati, inafungwa matawi mbili, ganda ya plastic juu, kwisha. Kwani courant, umeme, tunafanya je? Nyumba moja iko na courant, avenue muzima inapika. Ingénieur akamuambia picha haigawanyike namna ile. Ministre akamuuliza kama alishajaribu. Hakujaribu, na pale pale Ministre akanyoosha mukono achukue kisu yangu ya mikate. Nilimupiga mukono na kitambaa.

Ingénieur akaeleza kwamba ku soko kunauzwa kasanduku kadogo, kamba moja inaingia, mbili zinatoka, picha ile ile inaenda pande zote mbili. Omer alisimama pale pale aende. Ministre akasema hawezi kumuachia mutoto kazi ya kuchagua machine, na yeye akaenda naye.

Bakabaki Ingénieur na wateja wengine, na mabishano mapya ikaanza: mama mukwe hapashwe kuona sura ya Omer, na mu video ile Omer iko tangu mwanzo mpaka mwisho. Ministre aliporudi na kasanduku mu mufuko, alikuta kesi imekwisha kufunguliwa. Alikata mara moja. Picha haina mutu, alisema, picha ni rangi tu, bukwe haiigusi.

— Kama picha haina mutu, Ingénieur akamuuliza pole pole, ju ya nini ulifunika photo ya marehemu bibi yako siku ulileta bibi mupya?

Ministre aliomba chai ingine.

Mi nilitaka kuona kasanduku. Ilikuwa na bouton juu, nyekundu. Omer alinieleza kwamba pa soko kulikuwa namna mbili, na muuzaji alibapa kwanza ile haina bouton. Ministre aliikataa. Alisema kitu isiyo na bouton si machine, ni jiwe, utaiamrisha na nini? Ingénieur aliigeuza geuza mu mikono, akakunja uso. Omer alimuangalia na macho ya mutu mwenye anangoja docteur aseme. Ingénieur akaenda kutafuta kamba ndefu.

Jua likaingia. Mama Odile alifika, mwanamuke mufupi wa sauti ya chini, na tulimuingiza mu salon ya Omer na mulango wa nyuma ili asipishane na Omer. Nilikaa naye mi, ju lazima mutu wa kumufikishia maneno. Mu lupango baliweka drap, shuka nyeupe, ku kamba ya nguo, banoko, bajomba ya Omer, bakakaa mbele, avenue muzima nyuma. Ordinateur na kasanduku ilikuwa inje, kamba ndefu ilipita mu dirisha mpaka ku télévision. Ingénieur akawasha, na mu salon Abigaël akatokea pa télévision akivalishwa nguo nyeupe. Mama Odile akashika mukono yangu.

Mu lupango, giza. Banoko bakaanza kupiga miluzi. Ministre akabonyeza bouton. Mu lupango, Abigaël. Mu salon, giza.

Njo tulielewa. Ile kasanduku haikuwa ya kugawa, ilikuwa ya kuchagua: ama huku, ama kule. Na soko ilishafungwa. Niliomba tumalizie mama kwanza, ba lupango bangoje. Omer akatuma neno kutoka inje kwamba mama alitaka bigelegele, na batu habapige bigelegele ju ya drap tupu. Ministre naye hakuona aibu hata kidogo.

— Tutafanya sawa délestage ya courant, akasema. Kila upande na zamu yake. Batu ya hapa bamezoea.

Sijui mutu gani alimupa ile bouton aikalie. Mu salon tuliona Abigaël akitoka mu nyumba, lakini gari ilifika kwa ba lupango. Bao bakaona akiingia mu kanisa, sisi tukasikia tu miguu ya batu banacheza inje. Kisha zamu yetu ikarudi pa mahubiri. Pale Ministre aliletewa munkoyo, kinywaji ya mahindi, akasahau bouton, na tukapewa mahubiri yote, neno kwa neno, na padri hakuwa mutu wa kufupisha.

Kila wakati Omer alipita mu picha, mama Odile alijifunika uso na ncha ya kikwembe.

— Anaisha kupita?
— Anaisha, mama.

Anafunua, anatafuta mutoto wake, anafunika tena. Niliona huruma.

Mwishowe padri akamugeukia Abigaël, akamuuliza kama anamukubali Omer. Abigaël akafungua kinywa. Télévision ikawa nyeusi. Ku lupango bigelegele ikapanda mpaka ku mabati.

Mama Odile alibaki anaangalia ile kioo nyeusi.

— Mutoto wangu amejibu nini? akaniuliza.

Nilikasirika, nikagonga dirisha. Yeye akasimama, akakaza kikwembe mu kiuno, akatoka. Hakupita mulango wa nyuma. Alipita wa mbele.

Lupango muzima ikageuka. Omer alikuwa amekaa kati kati, kushoto ukuta, kuume banoko. Hakukuwa majani ya kuingia. Akaruka mbele, akapita chini ya drap, akabaki nyuma yake. Mama Odile akakaa mu kiti Omer aliacha, ingali na moto.

— Rudisha nyuma, akamuambia Ingénieur.

Ingénieur akarudisha. Pa drap Abigaël alikuwa mukubwa kuliko mulango, na Omer pembeni yake. Mama akainua kikwembe mpaka pa macho. Padri akauliza. Mama akashusha kikwembe. Abigaël akasema ndiyo, na mu picha Omer, na ile mikono yake ya kuchimba shimo, akaanza kulia, akajipangusa na koti ya kuazima mbele ya kanisa muzima.

Mama Odile aliangalia mpaka mwisho. Hakufunika tena. Tulisikia mutu anavuta makamasi nyuma ya drap, na haikuwa mu video.

— Mamie, akaniambia bila kugeuka, umuambie ule wa nyuma ya drap. Mi sijamuona. Nimeona tu picha. Lakini ule wa mu picha nimemupa mutoto wangu, abaki naye.

Nilimufikishia, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Alijibu kwa kupitia kwangu kwamba anashukuru.

Siku ya mama kurudi Kisenge, Ministre alikaa pa banc tangu mapema, anaelezea wateja yangu kwamba ile bouton aliichagua kwa akili, ju kasanduku ya kugawa ingemuacha mama mu salon na hasira yake. Batu balianza kumuamini. Omer akafika kutoka gare; alikuwa amebeba muzigo, akimupa mama mukwe mugongo njia yote. Nilimuuliza kama mama aliacha neno.

— Aliacha, kwa Abigaël. Atarudi kuona video tena. Lakini zamu ile, mahubiri yote iende mu lupango, na tata Ministre akae mbele.

Ministre alikumbuka kwamba kuna mutu anamungoja ku centre ya muji. Aliacha chai yake nusu, na banc ikapata nafasi.